Mabuti ya ngozi ya kusafiria tanga: soli imeachia mbele na mguu mmoja unalowa. Yanatengenezeka?

TwekaTanga (Southampton)

Salaam wakuu,

Naomba ushauri wa wanaovijua viatu vya baharini. Nina mabuti ya ngozi, yale marefu yanayokaribia goti, bitana ya Gore-Tex (utando usiopitisha maji ila unatoa mvuke wa jasho), saizi 43, ya mtumba. Katikati ya Oktoba kuna yoti ya kupelekwa kutoka hapa hadi Las Palmas, Visiwa vya Kanari, kwa njia ya Ghuba ya Biscay, zamu za saa tatu-tatu usiku na mchana.

Hali yake ni hivi. Buti la kulia limeachia soli mbele, mdomo wa sm 6 hivi kuzunguka kidole gumba, na kadi ya benki inazama humo karibu sm 2. Mguu huohuo wa kulia ndio unaotoka umelowa baada ya zamu yenye mawimbi. Wa kushoto unatoka mkavu. Ngozi ya kwenye kifundo imekakamaa na ina mistari myeupe ya chumvi. Nikivaa soksi nyembamba kisigino kinapwaya, nikivaa nene sana kidole gumba kinagusa mbele.

Ninachotaka kujua: saizi hii inanifaa au la? Fundi wa mtaani akishona soli kuzunguka kwa uzi wa nailoni, itashika? Na ngozi hii ipakwe nini? Kama yamekwisha semeni tu, nitafute mengine.

Demani (Cork)

Ndugu TwekaTanga, salaam. Nianze na la saizi, maana hilo likiwa baya hakuna sababu ya kuhangaika na gundi.

Chukua karatasi, iweke sakafuni ikigusa ukuta. Pima jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo kwa kutwa, ukiwa umevaa soksi utakayovaa chomboni. Kisigino kiguse ukuta, uzito wote uwe kwenye mguu huo, kisha weka alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, penseli ikiwa wima. Pima miguu yote miwili, kwa sababu ni nadra kulingana, na saizi hufuata mguu mrefu.

Hesabu yenyewe haina siri. Saizi za Ulaya zinahesabiwa kwa theluthi mbili za sentimita, kwa hiyo 43 ni kalibu (lile umbo la mguu ambalo kiatu hujengewa juu yake) ya urefu wa mm 287 hivi. Kutoka 43 hadi 44 unaongeza mm 6.7 tu. Mguu na soksi yake vinatakiwa viache mm 10 hadi 15 mbele. Ukipata mm 272 hadi 276, basi 43 ni yako. Ukipita 278, hiyo 43 itakuumiza chombo kikilala upande na mguu ukisukumwa mbele.

Halafu jihadhari na kosa ambalo wengi hulifanya: kisigino kupwaya si dalili ya buti kuwa refu. Buti la kuvuta halina kamba, linakushika kwa mgongo wa mguu tu, pale juu ya tao. Pakiwa na nafasi hapo, mguu unateleza kwenda mbele, kidole kinagusa, na kisigino kinainuka kwa nyuma. Yote mawili yanatokea katika buti lenye urefu sahihi kabisa! Kwa hiyo kabla ya kulaumu saizi, toa kile kitandiko cha ndani, weka chini yake kingine bapa cha sufu iliyogandamizwa au sponji ngumu cha mm 3, rudisha cha juu, kisha jaribu na soksi moja ya sufu ya unene wa kati. Mguu ukipanda mm 3 unakaza pale juu na kuacha kuteleza. Panda ngazi, shuka ngazi, simama kwenye ubao ulioinama. Kisigino kuinuka nusu sentimita hadi sentimita moja kwa buti la kuvuta ni kawaida. Kidole kugusa wakati wa kushuka si kawaida, na hilo halizoeleki.

Usivae soksi mbili-mbili kujaza nafasi. Damu ikibanwa, mguu unapoa upesi kuliko ukiwa na soksi moja. Na pamba iache nyumbani: ikilowa jasho inabaki na maji yake na haikupi joto tena.

Juu, kwenye shavu la mguu, vidole viwili vipenye ukiwa na suruali ya joto ndani ya buti. Suruali ya mvua inakaa nje ya buti, si ndani, na kile kifungio cha chini kinakazwa kwenye kifundo. Wimbi likipita juu ya sitaha linapanda kwa ndani ya suruali iliyoachwa wazi na kumiminikia kwenye buti kutoka juu. Maji mengi yanayodhaniwa ni ya kuvuja huingilia hapo.

Kuhusu kununua mengine: usifuate jina. Iwe ni Dubarry walioanzia Ballinasloe hapa Ireland mwaka 1937 au mtengenezaji mwingine, muundo wa buti za aina hii haupishani sana: ngozi nje, mfuko wa utando usiopitisha maji ndani, soli ya mpira isiyoacha alama kwenye sitaha. Mtumba ukague hivi. Tafuta lebo ya ndani, wengi huandika mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Kunja buti pale vidole vinapopinda uone kama ngozi ina nyufa zinazoonyesha nyuzi. Geuza soli: ile mistari myembamba iliyochanjwa ndiyo inayoshika sitaha yenye maji, ubunifu wa Paul Sperry wa Marekani wa mwaka 1935. Mistari ikiwa imefutika pale kidole gumba kinapokanyagia, hicho ni kiatu cha kutembelea gatini, si cha kwenda omo, mbele ya chombo, usiku.

Na kwa wanaosoma wakiwa na bajeti ndogo: kwa matanga ya mchana karibu na pwani, mabuti ya mpira yanatosha na kiraka cha baiskeli kinayaziba. Hasara yake ni jasho. Ngozi yenye utando inalipa pale unapovaa saa nyingi, siku nyingi, kwenye baridi, kama safari hii yako mpaka mtakapopita Ureno. Baada ya hapo nadhani yatashinda kwenye kabati.

FundiMsharasi (Mombasa)

Kaka, kabla ya lolote: soli hiyo isishonwe. Wala isipigwe msumari hata mmoja.

Hapa kwetu kiatu kikiachia, fundi anatoa msharasi, ile sindano nene ya kutobolea, na uzi wa nailoni anazungusha mshono soli nzima, na kwa kiatu cha kawaida ni kazi nzuri inayodumu. Lakini hayo mabuti ni viatu viwili, kimoja ndani ya kingine. Nje kuna ngozi na soli. Ndani kuna soksi kamili ya utando, imefunikwa bitana, na mishono yake imezibwa kwa utepe. Maji yanazuiwa na ile soksi. Ngozi kazi yake ni kuilinda. Msharasi ukipita kwenye soli unatokea ndani ya kiatu, yaani umeitoboa ile soksi, na kila tundu litapitisha maji kwenye kila hatua kwa sababu wayo unayapampu. Mshono mmoja wa kuzunguka ni matundu zaidi ya mia. Buti likishashonwa hivyo hakuna dawa ya kulirudisha.

Kwa hiyo mdomo ule wa mbele wenyewe haumaanishi kwamba maji yanafika mguuni. Pima kwanza, ndipo utajua unatengeneza nini.

Suuza mabuti kwa maji matamu, yakaushe siku tatu. Chukua ndoo pana, maji yafike sm 12, chini ya shingo ya buti. Ndani ya buti tandaza tishu nyeupe mpaka mbele kabisa, gusisha na pembeni. Tia kitu kizito, kama mfuko wa plastiki wenye kilo 2 za mchanga, buti lizame vizuri. Liache saa mbili. Kisha mwache mtu avae buti hilo na tishu zake, asimame humohumo ndani ya ndoo na kukunja vidole mara mia hivi, maana tundu dogo hujificha kiatu kikiwa kimetulia. Toa tishu ukiangalia ni sehemu gani imelowa. Fanya na la kushoto pia ulinganishe.

Leta majibu, ndipo nikueleze gundi. Pia nijulishe mambo mawili. Soli ni kipande kimoja cha mpira, au kuna tabaka la sponji kati ya mpira na ngozi? Bonyeza ukucha ubavuni mwa soli: unarudi, au unaacha shimo na unga? Halafu fungua huo mdomo uangalie gundi ya zamani imebaki upande gani.

Chelezo (Lamu)

Samahani wakuu, nami nina swali hapohapo kwenye ngozi. Mbao za jahazi tunazipaka sifa, yale mafuta ya papa, na zinakaa miaka ndani ya maji ya chumvi. Ngozi nayo si kitu cha kunywa mafuta? Kwa nini asiipake sifa au mafuta ya mgando ya ng'ombe, ikashiba, ikakataa maji?

BintiMvuvi (Galway)

Kaka Chelezo, swali lako ni la msingi, kwa sababu kwa buti la zamani lisilo na utando jibu lingekuwa ndiyo. Ngozi tupu inategemea mafuta kukataa maji, na mabaharia wa huku walipaka mafuta mazito miaka mingi.

Kwa haya ya utando mambo yanageuka. Jasho la mguu linatoka kama mvuke: linapita kwenye utando, kisha lazima lipite kwenye ngozi ndipo lifike nje. Ukiijaza ngozi mafuta, vitundu vyake vinaziba, mvuke unagonga ukuta, unapoa, unakuwa maji. Mwenye buti anasema linavuja, kumbe ni jasho lake. Ubaya wa pili ni kwamba mafuta hayakai ulipoyapaka. Yanashuka na ngozi mpaka kwenye ukingo wa soli na kulainisha gundi, na ngozi iliyoshiba mafuta haikubali gundi mpya. Fundi atakuthibitishia. Sifa ibaki kwenye mbao.

TwekaTanga, shughuli yako ya kwanza ni chumvi, si mafuta. Chumvi iliyokaukia ndani ya ngozi inavuta unyevu wa hewa, kwa hiyo buti halikauki kabisa hata likikaa wiki kabatini. Likikauka kwa nguvu, punje zinasukumana na nyuzi za ngozi, ndiyo ule ukakamavu wa kwenye kifundo. Kupaka mafuta juu ya chumvi ni kuifungia ndani.

Changanya siki nyeupe kikombe kimoja na maji matamu vikombe viwili, jaribu kwanza mahali pasipoonekana kuhakikisha rangi haitoki. Lowesha kitambaa, futa ile mistari myeupe, subiri dakika tano, suuza kwa maji mengi. Rudia siku ya pili ikionekana tena, na huwa inaonekana, kwa sababu chumvi ya ndani hufuata maji yanayokauka kuja juu. Ndani nako kuna chumvi ya jasho na ya bahari: toa vitandiko, mimina maji vuguvugu lita mbili, tikisa, acha dakika kumi, mwaga. Fanya hivyo mpaka ukionja tone la mwisho husikii chumvi. Sabuni ya kufulia yenye dawa ya kulainisha nguo isiingie humo.

Kukausha ni kazi ya subira. Magazeti yaliyokunjwa ovyo ndani, badilisha baada ya saa moja, kisha baada ya saa tatu, kisha asubuhi na jioni. Baada ya siku ya kwanza pindua juu chini kwenye vijiti viwili hewa ipite. Usiweke juu ya hita, juu ya injini, wala kwenye jua kali. Mahali ambapo huwezi kuacha kiganja chako kikatulia ni pa moto mno kwa ngozi mbichi. Ngozi iliyolowa ikipashwa inasinyaa na kuvuta ukingo wa soli, na hapo ndipo mdomo kama wako huanzia.

Likiwa bado na unyevunyevu kidogo, paka dawa ya kutunzia ngozi ya maji-maji iliyoandikwa kwamba inafaa viatu vyenye utando. Kijiko kimoja cha chakula kwa buti moja kinatosha, kwa sponji, ukikazania mikunjo ya vidole na kifundo. Siku ya pili pulizia dawa ya kufukuza maji, bila mafuta. Ngozi ikiwa sawa, tone la maji linakaa juu yake kama shanga. Likitandaa na ngozi ikabadilika rangi, muda wa kupulizia tena umefika.

TwekaTanga

Ahsanteni sana, dada na kaka zangu. Majibu haya hapa.

Mguu wa kulia na soksi ya sufu ya kati ni mm 274, wa kushoto 271. Nimeweka kitandiko cha mm 3, kidole hakigusi tena kwenye ngazi, kisigino kinainuka kidogo sana.

Ndoo: saa mbili pamoja na mikunjo mia, tishu za mabuti yote mawili zimetoka kavu. Lakini nilipoinua la kulia, maji yalimiminika kutoka kwenye ule mdomo wa soli, zaidi ya nusu kikombe cha kahawa, na yakaendelea kudondoka karibu saa nzima.

Soli ni mpira kipande kimoja. Ukucha unarudi, hakuna unga. Ndani ya mdomo, gundi ya zamani yote imebaki upande wa ngozi, rangi ya asali. Upande wa mpira ni msafi na unang'aa.

Kama halivuji, mbona mguu unalowa?

FundiMsharasi (Mombasa)

Hayo maji ya kikombe cha kahawa ndiyo jibu lako. Yanaingia kwenye mdomo na kukaa kati ya ngozi na soksi ya utando. Hayakufikii, lakini yanakufunika. Mguu unapoa kama umefungwa kitambaa kibichi, na mvuke wa jasho unapogusa utando uliopakana na maji baridi hauna pa kwenda, unageuka maji ndani. La kushoto halina mdomo, ngozi yake inapumua, ndiyo maana linatoka kavu. Ziba mdomo na utakuwa umetibu yote mawili. Mabuti ni mazima, yatengeneze.

Na umeniletea habari nzuri zaidi: gundi imebaki upande wa ngozi, mpira uko mtupu. Gundi ilikobaki ndiko iliposhika. Iliyokosewa ni maandalizi ya mpira. Ngozi haina tatizo. Ungeona nyuzi za ngozi zimenyofoka na kushikamana na mpira, ningekwambia ngozi imeoza na gundi mpya haitashika.

Sasa kazi. Utahitaji gundi ya viatu ya poliuretani ya kugusisha, tyubu ndogo ya mililita 30 inabaki. Ile ya njano ya neoprini wanayotumia mafundi wengi inafaa mpira wa kawaida, lakini poliuretani inavumilia maji ya chumvi na mafuta vizuri zaidi na inashika aina nyingi za soli. Gundi za matone za kukauka upesi usiguse: zinakauka ngumu kama kioo, na mbele ya buti panapinda kila hatua. Silikoni ndiyo mbaya kuliko zote. Haishiki mpira vizuri, na inaacha utelezi ambao gundi nyingine hazitaushika tena.

Buti likauke siku tatu kamili baada ya kusuuzwa. Vuta soli kwa mkono polepole ukiongeza mdomo mpaka ufike mahali inapokataa. Usiache sehemu inayoshika nusu-nusu, kesho itafunguka hiyohiyo. Weka vijiti vya kibiriti kuushikilia wazi.

Upande wa mpira, piga msasa namba 80 uliozungushiwa kijiti bapa mpaka mng'ao wote uishe na mpira uwe na sura ya kitambaa kibovu. Ingia mpaka ndani kabisa, maana kwenye kona ya ndani ndiko wengi huchoka. Upande wa ngozi tumia namba 120 kwa mkono mwepesi, kutoa gundi ya juujuu tu. Ukianza kuona kitambaa, simama hapo hapo, soksi ya utando iko karibu. Puliza vumbi, pitisha brashi kavu ya meno. Futa mpira peke yake kwa kitambaa kilichoguswa asetoni. Asetoni isifike kwenye ngozi ya nje, inaondoa rangi. Subiri dakika kumi.

Paka gundi tabaka jembamba pande zote mbili, kwa kijiti au brashi ya rangi ya watoto. Kwa mdomo wako kijiko cha chai kimoja ni kingi. Acha nusu saa. Ngozi itakuwa imeinywa. Paka la pili, subiri dakika 10 hadi 15. Gusa kwa kifundo cha kidole: inate lakini isivute uzi. Hapa ndipo kazi nyingi zinaharibikia, mtu anaona gundi imekauka anaogopa, anabandika ikiwa mbichi. Kiyeyushi kinafungiwa ndani, na baada ya wiki mbili soli inavuliwa kama ngozi ya maziwa. Pasha kwa kikaushia nywele dakika moja mpaka gundi ing'ae tena, ndipo ubandike, ukianzia kona ya ndani kuja nje, kwa sababu ikigusana haitelezi tena uirekebishe.

Ndani ya kichwa cha buti uwe umeshakaza kalibu ya mbao, au mfuko wa mchanga uliojazwa barabara, ili nyundo ipate kitu cha kupiga juu yake. Gonga kwa nyundo ya mpira kuanzia katikati kwenda ukingoni. Kisha kata tyubu ya baiskeli utepe wa sm 3, mita 2, uvute nusu ya nguvu zake na uzungushe mbele ya buti, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Usivute mpaka mwisho, utaikunja ngozi na ukingo utaacha nafasi. Saa 24.

Ukishafungua, jaribu kwa ile kadi ya benki kuzunguka ukingo wote, na la kushoto pia. Isipoingia popote, paka kwenye kiungo uzi wa gundi ya kuzibia ya poliuretani, ile inayobaki laini kama mpira, upana wa mm 3, ulainishe kwa kidole kilicholoweshwa maji ya sabuni. Saa 24 nyingine. Lisiguse bahari kabla ya siku tatu tangu kubandika.

Demani (Cork)

Niongeze moja kwa anayesoma ambaye tishu zake zingetoka zimelowa. Tundu la utando haliwezi kuzibwa vizuri kutoka ndani, kwa sababu unachopaka kinashika bitana, na bitana iko juu ya utando. Maji yanazunguka na kutokea pembeni. Kwa buti la hivyo ni bora kuvaa soksi ndefu isiyopitisha maji, juu ya soksi nyembamba ya sufu, na kukubali kwamba kiatu kimekuwa ganda. Inabidi uhakikishe kwanza kama nafasi ya mguu inaruhusu.

Chelezo (Lamu)

Nimeelewa la sifa, ahsante dada. Fundi, nina la mwisho. Kuna mabuti ya aina hiyo yamewekwa kwenye kasha hapa Lamu miaka sita, hayajavaliwa hata mara kumi. Ngozi nzuri, lakini soli inamung'unyuka kama mkate mkavu. Soli yake ina lile tabaka la sponji ulilouliza. Gundi hiyohiyo itafaa?

FundiMsharasi (Mombasa)

Haitafaa, kaka Chelezo. Hiyo sponji ni poliuretani, na unyevu wa hewa unaivunja kidogo kidogo kutoka ndani. Joto na unyevu wa pwani yetu unaharakisha, na kiatu kilichofungiwa kasha kinaoza upesi kuliko kinachovaliwa, maana kinachovaliwa kinapata hewa. Ukibandika, gundi itashika unga na unga utaachia. Dawa ni kuondoa soli yote mpaka chini ya ngozi na kubandika soli mpya ya mpira mtupu, kwa gundi, bila mshono. Kabla ya kulipia kazi hiyo pima kwa ndoo na tishu. Halafu kung'uta unga wote, paka ngozi dawa, na ukiyahifadhi tena yasimame wima penye upepo, na magazeti ndani, si kwenye kasha. Kuvu ya kijani ikitokea ifutie nje, kwa siki na maji, si ndani ya nyumba.

TwekaTanga, ukifungua ule utepe wa tyubu niandikie kadi imesimama wapi.